Fuvu la mdogo wangu halikukua milimita saba

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapa makala kuhusu vipimo vya kisasa vya hospitali. Niliipenda, hata nikaikata na kuihifadhi, ila kuna sentensi moja iliyonikwama kooni kama mwiba wa changu, ile inayosema kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huonyesha mwili kama ulivyo. Mie si daktari. Ni mpima ardhi mstaafu. Miaka 33 nimebeba theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, kutoka Horohoro hadi Handeni, na nilichokipata huko porini, ukiacha malaria, ni kujua kwamba hakuna picha wala ramani inayokuonyesha kitu kama kilivyo. Kila moja imepotoka kidogo mahali fulani. Kazi ya mpimaji ni kujua imepotoka wapi na kwa kiasi gani.

Siandiki kwa ubishi. Imani kama ile ya kwenye makala nusura iuze shamba la minazi la mdogo wangu.

Mdogo wangu huyu anauza vitumbua asubuhi karibu na soko la Mgandini. Ana miaka 54. Kichwa kilimsumbua muda mrefu, akawa anameza vidonge na kusingizia moshi wa jikoni, mpaka siku mkono wake wa kushoto ulipokufa ganzi akaangusha karai la mafuta. Tukapelekwa Dar es Salaam. Picha ya kwanza ikaonyesha uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, upande wa kulia juu, milimita 31. Daktari akatueleza kwa upole kwamba uvimbe wa aina ile mara nyingi hukua polepole, tusikimbilie kisu, turudi baada ya miezi kadhaa tupime tena.

Tulirudi baada ya miezi 7. Mashine ya kwanza ilikuwa mbovu, tukaelekezwa hospitali nyingine, ambayo sitaitaja kama nisivyoitaja ya kwanza. Ripoti ikatoka: milimita 33, na chini yake mstari mmoja kwamba uvimbe umeongezeka. Basi. Hakuna aliyesema kwamba namba mbili zile zimetoka kwenye mashine mbili tofauti. Basi la kurudi lilipofika Segera, kundi la ukoo la WhatsApp lilikuwa limeshajaa mikono ya dua, na tuliposhuka Tanga mpwa wangu mmoja alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba la Kigombe, minazi 60 na kisima chake, ili pesa ya upasuaji ipatikane haraka.

Usiku ule mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye mtu wa vipimo. Milimita mbili ni kitu?"

Nikamwambia kwenye kiwanja si kitu. Kichwani sijui.

Sikulala. Nilikuwa nakumbuka mwaka 1979, nilipoanza kazi, bwana mkubwa wangu aliponipeleka kwenye mashamba ya mkonge ya Pongwe saa sita mchana na utepe wa chuma wa mita 30. Utepe ule ulikuwa umesanifiwa kiwandani kwenye joto la nyuzi 20. Chuma hurefuka kikipata moto. Ukiutandaza juani ukafika nyuzi 40, umeshaongezeka karibu milimita 7, na wewe unasoma namba zile zile zilizochorwa juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipima, nikamtajia mita zangu kwa kujiamini. Akasema, "Hujaniambia utepe una joto gani, kwa hiyo hujaniambia kitu." Siku ile nilimchukia. Ripoti ya hospitali, nilipoisoma tena kwa tochi ya simu, ilikuwa kama mie siku ile ya Pongwe.

Asubuhi nikamwita mjukuu aje na kompyuta yake. Tulikuwa na diski mbili za picha, moja kutoka kila hospitali, na ndani yake mna programu yenye rula: unabonyeza hapa, unavuta hadi pale, inakupa milimita. Nikaupima uvimbe, nikapata 31 na 33 kama walivyoandika. Sasa, watu wawili wakigombania mpaka na ramani mbili hazikubaliani kuhusu uzio mpya, mpimaji haanzi na uzio. Anatafuta bikoni ya zamani, yaani jiwe la mpaka, ile iliyomwagiwa saruji kabla wagombanaji hawajazaliwa, aone kama ramani zote mbili zinaiweka mahali pamoja. Nikajiuliza, kichwani mwa mtu bikoni ni ipi?

Fuvu. Fuvu la mtu wa miaka 54 halikui.

Nikapima kutoka ukingo wa mfupa wa paji la uso hadi ukingo wa mfupa wa kisogoni, kwenye kipande kile kile kwa kadiri nilivyoweza kukilinganisha. Picha ya kwanza ilinipa milimita 171. Ya pili, 178. Nikarudia mara sita, mjukuu akarudia mara sita bila kuona namba zangu, hatukupishana zaidi ya milimita moja. Kwa mujibu wa diski hizo, fuvu la mdogo wangu lilikuwa limeota milimita 7 katika miezi 7.

Gawa 178 kwa 171 unapata 1.041. Yaani rula ya pili inasoma asilimia 4 zaidi ya rula ya kwanza. Uchukue ule uvimbe wa kwanza wa milimita 31, uuhamishie kwenye rula ya pili, unakuwa 32.3. Kati ya zile milimita 2 za kuuzia shamba, milimita 1.3 ilikuwa ni ya rula. Iliyobaki ni 0.7. Na picha yenyewe ilikuwa ya upana wa milimita 240 iliyogawanywa vijiraba 256, kwa hiyo kijiraba kimoja ni milimita 0.94. Wanatuambia uvimbe umekua kwa kitu kidogo kuliko nukta moja ya picha!

Hapa nijikosoe mwenyewe kabla msomaji hajanikosoa. Ukiikata nazi sawasawa unapata duara, ukiikata mshazari unapata yai, na yai ni refu kuliko duara. Kichwa kikilala vingine kwenye mashine, kipande nacho hukatwa vingine. Kwa hiyo si lazima milimita zote 7 za fuvu ziwe kosa la mashine. Kujua, nilikwenda kwa fundi wa majahazi nikaazima kalipa yake ya mbao, ile ya kupimia unene wa nguzo, nikamkalisha mdogo wangu kibarazani nikambana kichwa kwa upole, paji la uso mpaka kisogo, juu ya ngozi.

"Kaka, sasa umenifanya kiwanja?"

Nikamwambia atulie.

"Sawa, ila usinipandie bikoni."

Kalipa ilisoma 188. Kwenye picha, ngozi kwa ngozi, ya pili ilisema 187, ya kwanza 180. Basi iliyopungukiwa ni ile mashine ya kwanza, na uvimbe ulikuwa karibu na 32 tangu siku ya kwanza.

Asije mtu akasoma barua hii akachukua rula akampuuza daktari wake. Nilichokipima ni urefu tu. Kama uvimbe ni mbaya au si mbaya, kama mishipa imeguswa au haijaguswa, hilo si la kalipa ya jahazi.

Baada ya hapo nilitaka kujua kwa nini. Yupo kijana wa jirani yetu hapa Ngamiani aliyesomea fizikia ya tiba, huja likizo, na alikaa nami barazani magharibi mbili akinieleza. Nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu aliyoyaeleza ni upimaji ardhi mtupu.

Mwili umejaa maji, na katika kila chembe ya maji mna protoni za haidrojeni. Ukiziweka kwenye sumaku kali huyumba kama pia ya kuchezea watoto, na kasi ya kuyumba inategemea ukali wa sumaku: mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla 1, kizio cha ukali wa sumaku. Mashine ya tesla 1.5 basi inazisikiliza kwenye masafa ya karibu megahezi 64 (hezi 1 ni mara moja kwa sekunde, megahezi ni milioni), kama redio. Lakini sumaku ikiwa sawa kila mahali, protoni zote zinaimba sauti moja. Unajua maji yapo, hujui yapo wapi. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha kwamba ukiongeza juu ya sumaku kubwa sumaku ndogo yenye mteremko, yaani inayozidi taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mahali panapata sauti yake, na kutoka sauti unaweza kuchora picha. Picha zake za mwanzo zilikuwa za vibomba vya maji. Yeye na Mwingereza Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2003.

Mteremko! Hilo ni neno letu. Chukua mteremko wa militesla 10 kwa mita. Piga hesabu: kila milimita moja ya mwili inatofautiana na jirani yake kwa hezi 426. Kompyuta haioni kichwa. Inasikia tofauti ya hezi 426, inaandika milimita 1. Inasikia 4,260, inaandika sentimita 1. Ni kama mtu aliyefumbwa macho ndani ya gari kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkononi ana kipima mwinuko tu. Ameambiwa barabara inapanda mita 5 kwa kila mita 100. Kipimo kikipanda mita 10, anasema tumekwenda mita 200. Atakuwa sahihi pale tu ambapo barabara inapanda hivyo hivyo bila kubadilika. Barabara ikilala kidogo, gari litakwenda mita 300 na yeye bado atasema 200.

Na mteremko wa mashine hulala. Koili, yaani nyaya zilizozungushwa, zinazoutengeneza zina urefu wake, haziendi milele. Katikati ya mashine mteremko umenyooka vizuri, ukielekea kingoni unalegea, na kila kilichoko kingoni kinasogezwa ndani, picha inabanwa. Kosa hilo halipandi kwa ustaarabu: ukiwa mbali na katikati mara mbili, kosa linaweza kuwa mara nane, au zaidi. Kwenye bega au nyonga ya mtu mnene linafika milimita kadhaa, na sentimita nzima si ajabu kama halikusahihishwa. Hata kipande chenyewe, kinachodhaniwa kuwa bapa, hujipinda kingo kama chapati iliyoanza kuiva. Ndiyo maana kuna marekebisho ya aina mbili. Moja hunyoosha picha ndani ya kipande tu na kuiacha chapati imejipinda, nyingine hunyoosha pande zote tatu. Ukiambiwa picha imerekebishwa, uliza kwa lipi.

Sisi wa Tanga tunaishi juu ya mfano wa jambo hili bila kujua. Ramani zetu za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda ili ichorwe bapa, kanda ya 37 kusini, zina mstari wa kati kwenye nyuzi 39 za mashariki, na mji wetu uko kilomita chache tu kutoka hapo. Kwa makusudi kabisa, kwenye mstari huo kila urefu hupunguzwa hadi 0.9996. Kilomita moja ya ardhi ya Tanga ni mita 999.6 kwenye ramani, sentimita 40 zimeliwa. Nenda Moshi, kiasi cha kilomita 184 kutoka mstari wa kati, na, ukiacha mambo ya mwinuko, ramani na ardhi vinakaribia kulingana. Ramani ni moja, mfumo ni mmoja, ila rula ya Tanga si rula ya Moshi. Hakuna mpimaji anayeita huo udanganyifu, kwa sababu hesabu yake inajulikana na kila mmoja anaifanya kabla ya kuweka jiwe.

Kijana akaniambia hesabu ya kunyoosha mteremko wa MRI nayo inajulikana. Umbo la sumaku ya kila koili huandikwa kama orodha ya namba, kila namba ikiwa na wimbi lake kuzunguka tufe, na kompyuta hutumia orodha hiyo kurudisha kila nukta kwao. Nikamuuliza nani alianzisha njia ya kuandika sumaku hivyo. Akasema Gauss. Nilicheka mpaka majirani wakageuka. Carl Friedrich Gauss, huyu huyu Mjerumani aliyepima nchi ya Hanover miaka ya 1820 na ambaye ramani zetu zimejengwa juu ya hesabu zake, ndiye aliyechapisha mwaka 1839 njia ya kuiandika sumaku ya dunia nzima kwa orodha ya namba kama hiyo. Jina lake hadi leo ni kizio cha sumaku: tesla 1.5 ni gauss 15,000. Mpima ardhi mwenzangu yuko ndani ya mashine iliyompiga picha mdogo wangu, halafu niambiwe haya ni mambo ya hospitali tu.

Chanzo cha pili cha kupotoka ni mwili wenyewe. Marehemu mjomba wangu alikuwa nahodha, akisafirisha boriti na nazi baina yetu na Pemba, na hakuruhusu mtu kuketi karibu na dira akiwa na kisu kiunoni. Chuma kidogo tu, dira inakwenda kombo na jahazi linatafuta mwamba. Kwenye MRI dira zenyewe ndizo protoni, na kinachozikoroga si chuma peke yake. Jino la madini, naam, hilo linaweza kufuta nusu ya uso kwenye picha. Lakini hata hewa iliyomo kwenye matundu ya nyuma ya pua inatosha, kwa sababu hewa na nyama hazipokei sumaku kwa namna moja. Sumaku ikiyumba hapo kwa sehemu 1 tu katika milioni, kwenye mashine ya tesla 1.5 ni hezi 64. Picha za kawaida hilo zinalivumilia. Picha za haraka sana, zile wanazotumia kumtafutia mtu kiharusi, katika mwelekeo mmoja wa picha hutenga labda hezi 20 tu kwa kila nukta, na hezi 64 zinakuwa nukta 3 na zaidi. Nukta ikiwa ya milimita 2, sehemu ya mbele ya ubongo imehama kwa milimita 6 bila kutoka mahali pake.

Mafuta nayo hayaimbi sauti moja na maji. Yako chini kwa takriban sehemu 3.5 katika milioni, karibu hezi 220 kwenye tesla 1.5. Mteremko ukiwa wa militesla 10 kwa mita, mafuta yanahamia pembeni nusu milimita na hakuna atakayejua. Mteremko ukiwa wa 2, milimita moja ni hezi 85 tu, na mafuta yanahama milimita 2.6. Mafuta yapo chini ya ngozi ya kichwa, yapo kwenye uboho wa mfupa. Sasa kwa nini mtu achague mteremko mdogo? Kwa sababu picha inatoka safi, haina chenga. Usafi wa picha na unyoofu wake huvutana, na anayeamua ni fundi wa mashine siku hiyo, pengine wagonjwa 20 wanamsubiri mlangoni. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba picha nzuri kwa macho si lazima iwe picha nyoofu. Mie nimeona ramani zilizochorwa kwa mkono wa malaika zenye kiwanja cha mtu ndani ya bahari.

Dawa mojawapo ya kosa hili la pili ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Wanapiga picha mara mbili, ya pili wakigeuza mwelekeo. Kilichosukumwa kushoto kwenye ya kwanza kinasukumwa kulia kwenye ya pili kwa kiasi kile kile, na ukweli uko katikati. Kila mpimaji anayesoma barua hii ameshatabasamu. Tunasoma pembe, tunaipindua darubini ya theodolaiti, tunaizungusha, tunasoma pembe ile ile kutoka uso wa pili, tunachukua wastani, na hitilafu ya chombo inajiua yenyewe.

Mashine ya CT haina ugonjwa huu wa mteremko, maana inapiga kwa miale ya eksirei iliyonyooka. Wanaopanga tiba ya mionzi, ambao milimita moja kwao ni jambo kubwa, mara nyingi huzilaza picha za MRI juu ya za CT kwa sababu hiyo pamoja na nyingine. Ila CT haioni nyama laini kama MRI, basi hakuna kukimbia, lazima hesabu ifanyike.

Kuhusu mashine yetu ya kwanza. Kijana wa mionzi wa hospitali ya pili, mstaarabu kweli, ndiye aliyeniambia kwamba ile ya kwanza ni ya wazi, ya sumaku ya kudumu, tesla 0.3, na ya kwao ni ya bomba, tesla 1.5. Sumaku za kudumu hubadilika nguvu hata kwa joto la chumba, nikaukumbuka utepe wa Pongwe. Lakini kupungukiwa kwa asilimia 4 kichwa kizima hakuhitaji maelezo makubwa. Mteremko ukiwa dhaifu kwa asilimia 4 kuliko kompyuta inavyoamini, kila kitu kitatoka kifupi kwa asilimia 4, iwe fuvu au uvimbe. Na hilo lingeonekana kabla mgonjwa hajalala pale, kwa sababu kuna kitu cha kulionyesha: chombo cha plastiki kilichojazwa maji, chenye mistari na matundu ndani yake ambayo vipimo vyake vinajulikana. Kimoja kinachotumika sana ulimwenguni ni silinda ya kipenyo cha ndani cha milimita 190 na urefu wa 148. Unakiweka mahali pa kichwa, unapiga picha, unapima. Ukipata 182, mashine imekiri. Ni bikoni ya hospitali, na kazi nzima haizidi muda wa kunywa kahawa.

Nilikwenda na karatasi yangu kwa daktari wa upasuaji. Nilitegemea kufukuzwa. Alinisikiliza, akafungua picha zote mbili akapima fuvu mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, tusubiri miezi mitatu, tupime kwa mashine hii hii, alale hivi hivi." Shamba likangoja. Mnunuzi alikasirika, mpwa wangu naye alinuna. Baada ya miezi mitatu: 33. Fuvu: 178.

Ninachoomba, mhariri, na naomba wenye mamlaka ya afya wasome, hakihitaji mashine mpya. Ramani ya upimaji haisajiliwi nchi hii bila kuonyesha imefungwa kwenye bikoni zipi, kwa mfumo gani, nani amepima na lini. Ripoti ya MRI inayotaja milimita ibebe nayo utambulisho wake: ni mashine gani na ya tesla ngapi, marekebisho ya umbo yalifanyika au la na ni ya aina ipi, na mara ya mwisho chombo cha majaribio kilipimwa lini na kilikosea kwa kiasi gani. Kwa baadhi ya mashine habari ya marekebisho tayari imo ndani ya faili la picha, ni kuihamishia kwenye karatasi tu. Na anayelinganisha picha za mashine mbili aandike kwamba ni mbili. Mstari huo mmoja ungetuokoa miezi mitatu ya mwanamke kulala akihesabu milimita.

Mwezi ujao tunapanda tena basi la alfajiri. Nimemwandikia mdogo wangu maswali yote hayo kwenye karatasi moja, lakini kanikataza kuingia naye chumbani. Anasema atauliza mwenyewe, kwa sababu mie nikishaanza habari za Gauss foleni haisogei.

Mpima ardhi mstaafu,
Ngamiani, Tanga